Leseni ikibadilika, shimo ni la nani?



Juma hili nataka tuitazame karatasi moja ambayo wengi wetu wakazi wa mijini hatujapata kuishika, ingawa nyumba zetu zinaitegemea. Ni leseni ya uchimbaji mdogo wa madini. Mchanga wa matofali yako na kokoto za zege la ghorofa vilitoka shimoni, hata pete ya bibi harusi. Na kila shimo hupaswa kuwa na leseni na mwenyewe.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inampa Mtanzania leseni hiyo kwa miaka 7, naye anaweza kuomba aongezewe muda. Katika miaka hiyo mambo hubadilika. Mwenye leseni anaweza kumhamishia mwingine. Anaweza pia kuomba igeuzwe kuwa leseni ya daraja la juu, kisha akaingia ubia na mgeni mwenye mitambo. Yote hayo sheria inayaruhusu, na mchimbaji mdogo ana haki ya kukua.

Swali langu ni hili: siku leseni inapobadilika, mashimo ya zamani yanabaki ya nani?

Muulize wa kwanza, atakwambia leseni si yake tena. Muulize wa pili, atakujibu kuwa mashimo aliyakuta. Katika machimbo ya dhahabu yupo na wa tatu, mwenye duara, ambaye huchimba kwa makubaliano ya kugawana na mwenye leseni. Huyo duara likikauka huhamia kwingine, na jina lake halimo katika karatasi yoyote. Anayebaki ni mwanakijiji, na mbuzi wake, na watoto wanaoogelea katika maji ya mvua yaliyojaa shimoni. Mbu nao hupata mahali pa kuzalia.

Wala kufukia si kusukuma kifusi tu. Udongo wa juu, ulio na rutuba, unatakiwa uwekwe kando tangu siku ya kwanza, urudishwe mwisho, kisha ipandwe miti. Palipooshwa dhahabu kwa zebaki kazi ni kubwa zaidi, maana sumu hiyo huingia mtoni, ikapanda kwa samaki hadi kwa mama mjamzito. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

Hatukosi kanuni. Kanuni za mwaka 2010 zinamtaka mchimbaji mdogo awe na mpango wa kutunza mazingira. Lakini mpango uliofungiwa kabatini haufukii shimo.

Rai yangu ni kwamba mabadiliko ya leseni ndiyo nafasi ya kuuliza, kwa kuwa siku hiyo kila mhusika anahitaji muhuri. Kabla Tume ya Madini haijaugonga, afisa madini afike machimboni pamoja na serikali ya kijiji, wahesabu mashimo na kuyapima. Anayetoa na anayepokea waandike nani atafukia lipi, na lini. Lisiloandikwa liwe la anayepokea. Hapo mnunuzi atalazimika kuyahesabu mashimo kabla ya kuhesabu faida.

Najua nitaambiwa mchimbaji mdogo hana fedha. Ni kweli, na dhamana kama ile wanayodaiwa wenye migodi mikubwa ingemfilisi. Lakini anaweza kufukia shimo la jana kwa kifusi cha shimo la leo, badala ya kusubiri mwisho. Tena tangu mwaka 2019 tunayo masoko ya madini, ambako mrabaha hukatwa pale pale anapouza. Kwa nini sehemu ndogo isiwekwe akiba kwa jina lake, akarudishiwa akishafukia? Asipofukia, fedha hiyo imlipe kijana wa kijijini mwenye sururu na toroli.

Sisi wa mijini nasi tusijitoe. Nenda Kunduchi, hapa hapa Dar es Salaam, ukaangalie makovu ya machimbo ya kokoto zilizojenga jiji hili. Tulinunua lori kwa lori, na hatukuuliza lilikotoka.

Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nami naongeza kwamba aliyeinama kuchukua, ainame tena kufukia. Na akiiuza leseni yake, auze na koleo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.