Kuvuna Kahawa na Kutunza Nyumba
Mazungumzo ya Bwana Shamba na Wakulima wa Vihamba vya Kilimanjaro



Leo sikuja kusema habari za mbolea, wala za dawa ya chulebuni. Habari hizo mmezisikia mara nyingi, na baadhi yenu mwazijua kuliko mimi. Nataka kusema juu ya jambo ambalo sisi mabwana shamba hulipita kimya, maana halikuwamo katika masomo yetu ya chuoni: jinsi watu wa nyumba moja wanavyoweza kuvuna kahawa yao vizuri bila kuiharibu nyumba yenyewe.

Wewe usomaye, hebu kitazame kihamba chako mwezi wa Agosti au Septemba. Kahawa imeanza kuiva tangu Julai. Katika vihamba vya chini huiva mapema, na huko juu karibu na msitu yachelewa, hata huenda ukachuma mpaka Desemba. Wakati uo huo mahindi ya tambarare yamekauka yakingoja kuvunwa. Majani ya ng'ombe yamekuwa haba kwa sababu ya kiangazi, na mama hushuka mbali kuyatafuta. Mtoto wa darasa la saba anakabili mtihani wake wa Septemba. Zamu yako ya maji ya mfongo yaja siku yake tu, na ikipita imepita. Mambo yote hayo yanataka mikono ile ile miwili au minne. Na kahawa haina subira. Tunda lililo jekundu leo, ukiliacha, baada ya siku chache litakuwa jeusi na kukauka mtini.

Basi wengi wetu hufanya nini? Hungoja mpaka mti mzima umekuwa mwekundu, kisha twawaita watu wote wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, tukachuma kwa siku moja kama watu wanaozima moto. Nitawasimulia matokeo yake kama yalivyonipata mimi mwenyewe, ingawa ni aibu kidogo kwa mtu wa kazi yangu.

Nyumbani kwangu tuna kihamba kidogo chenye migomba, kahawa na miringaringa, kama vihamba vyenu. Msimu mmoja, miaka kadhaa iliyopita, nilitoka kazini Jumapili jioni nikatoa amri kwamba Jumatatu tutachuma kahawa yote iliyoiva. Sikumwuliza mtu. Binti yetu hakwenda shule siku hiyo. Mama watoto aliacha kwenda kukata majani. Tulichuma mpaka magharibi, tukaanza kumenya kwa taa. Mashine yetu ya mkono ni ndogo. Ilipofika saa nne za usiku, karibu nusu ya matunda yalikuwa bado magunia mawili matupu kumenywa. Nikasema, “Yatangoja mpaka asubuhi.” Nanyi mwajua kwamba matunda ya kahawa yakilala guniani hupata joto na kuanza kuvunda kabla ya wakati.

Alfajiri nikaondoka kwenda kuwafundisha wakulima wa kata nyingine namna ya kuandaa kahawa bora. Nilimwachia mama watoto kazi ya kumenya yaliyobaki na kuosha yaliyokwisha kumenywa. Siku ya pili mtoto wetu mdogo akashikwa na homa, mama yake akambeba mpaka zahanati na kulala naye huko. Niliporudi Alhamisi jioni nilisikia harufu ya siki tangu mlangoni. Ng'ombe analia zizini, maziwa yamepungua. Kahawa ya ndooni imepita kiasi. Niliiosha, nikaianika, nikaipeleka chamani. Mpokeaji akatia mkono, akanusa, akaniambia niiweke upande.

Lakini si hilo lililonikaa moyoni. Usiku ule mama watoto aliniambia, “Baba watoto, wewe wajua kahawa hukaa ndooni saa ngapi. Je, wajua mimi nimekaa saa ngapi bila kulala?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijahesabu.

Tangu hapo nimejifunza kuanza hesabu upande wa pili. Wengi wetu huuliza, “Leo twaweza kuchuma kiasi gani?” Yafaa kuuliza, “Leo twaweza kumenya kiasi gani?” Tunda likichumwa hapana budi limenywe siku ile ile, na isizidi saa 8 tangu kuchumwa. Kwa hiyo chuma asubuhi tu, na mashine ianze kuzunguka alasiri, ili watu wale chakula na kulala kama watu. Ikiwa mashine yako hummenyea mtu mmoja madebe manne kabla ya giza, basi chuma madebe manne. La tano liache mtini; litakuwa salama zaidi huko kuliko guniani.

Baada ya kumenya, kahawa huvundikwa ili utelezi ulegee. Kwa kawaida huchukua saa 24 hadi 48, na kwenye baridi ya juu huenda ikazidi. Usiende kwa saa peke yake. Osha chembe chache na kuzisugua mkononi; zikikwaruza kama kokoto zi tayari, zikiteleza bado. Sasa angalia jambo hili ambalo wengi hawalitazami: siku unayochagua kuchuma ndiyo inayochagua siku ya kuosha. Ukichuma Jumamosi kwa sababu watoto wako nyumbani, umekwisha kupanga kwamba Jumatatu mtu ataosha, na Jumatatu watoto wako shuleni, labda na mama ana safari ya sokoni kuuza ndizi. Nani ataosha? Kama jibu ni “mama, akirudi,” basi siku hiyo si nzuri kwenu. Ukichuma Jumatano, kuosha kutaangukia Ijumaa. Kila nyumba ina juma lake. Kaeni chini mlipange kabla ya kuchukua kikapu. Na mkizidiwa, kahawa iliyokwisha kuoshwa yaweza kulala ndani ya maji safi mpaka kesho yake bila madhara, lakini iliyo katika utelezi haiwezi kuwangojea.

Jambo la pili ni kukigawa kihamba. Matunda hayaivi yote pamoja, na mti mmoja hutaka kupitiwa kila baada ya siku 10 hadi 14. Gawa miti yako mafungu mawili. Juma hili chuma upande wa nyumbani, juma lijalo upande wa mfongo. Kazi itakuwa ndogo kila juma, na kichanja hakitajaa kupita kiasi. Nimeona nyumba moja ya mjane na wajukuu wawili ikivuna kwa namna hii msimu mzima bila kumkosesha mtoto siku hata moja ya shule, na kahawa yake ilikuwa safi kuliko ya jirani mwenye vijana watano. Vijana wale huchuma wekundu na kijani pamoja, mradi wamalize.

Habari ya watoto nitaisema waziwazi. Sisi sote tulichuma kahawa tukiwa wadogo, na si kosa mtoto kujua kazi ya kihamba cha baba na mama yake. Baada ya shule aweza kuchagua chembe mbovu kichanjani, kugeuza kahawa, kuifunika mvua ikitisha. Lakini asizuiliwe kwenda shule, asibebe gunia, wala asikaribie dawa ya kunyunyiza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kazi inayomdhuru mtoto au kumharibia masomo yake. Wa darasa la saba mwacheni kabisa mpaka mtihani upite. Kahawa itaiva tena mwakani. Mtihani wake hauna mzunguko wa siku 14.

Kuhusu kusaidiana na majirani, mwajua wenyewe. Ni desturi ya zamani nayo ni njema. Neno langu ni moja tu: mbege itolewe baada ya kumenya. Ikitolewa kabla, mashine hupoteza mpini.

Kama kijijini kwenu kuna mtambo wa kati wa kumenya kahawa wa chama, fikirini sana kuutumia. Utapeleka matunda mabichi jioni ile ile, na kazi ya kumenya, kuvundika, kuosha na kukausha kwa siku 7 hadi 14 itakuwa ya mtambo. Wengine hukataa kwa sababu bei ya kilo ya matunda yaonekana ndogo. Msilinganishe kilo ya matunda na kilo ya kahawa kavu ya maganda. Yahitaji kama kilo 5 za matunda, au zaidi kidogo, kupata kilo 1 kavu. Fanyeni hesabu hiyo kwanza, kisha ongezeni na usingizi wa watu wa nyumbani, ambao hauna bei chamani lakini una bei zahanati.

Na ng'ombe je? Mabua ya mahindi ya tambarare msiyachome wala kuyaacha huko. Yafungeni mafungu, yaleteni juu gari linapoleta mahindi, yawekeni pakavu. Katakata pamoja na migomba iliyokwisha kuvunwa, utapunguza safari za majani katika miezi ya kuchuma. Na safari zinazobaki, mwanamume aweza kuzifanya. Najua wapo watakaocheka wakimwona mzee amebeba mzigo wa majani kichwani. Mimi nimeubeba. Walicheka juma moja, kisha wakachoka.

Sasa fedha. Hapa ndipo nyumba nyingi huumia. Kwa desturi yetu ndizi na maziwa ni vya mama, na kahawa ni ya baba. Tangu siku za chama chetu kikuu, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kadi ya chama mara nyingi imekuwa na jina la baba. Lakini hesabu mikono iliyoshika kahawa hiyo tangu palizi mpaka kichanjani, uone mingi ni ya nani. Mama akichuma miezi mitano asijue hata kilo zilizopimwa, msimu wa pili atachagua kwenda sokoni, na kahawa itakaukia mtini. Nami sitamlaumu.

Nunueni daftari moja. Kila siku ya kupeleka kahawa, andikeni kilo mlizopima. Malipo ya kwanza yakija, msome pamoja, na kabla shilingi moja haijatumika andikeni ya sare na madaftari ya watoto, maana ingawa ada ya shule iliondolewa, mambo hayo bado ni yetu. Andikeni ya dawa na mbolea ya msimu ujao. Andikeni fungu la mama, alitumie apendavyo, kisha fungu la baba, naye vilevile. Malipo ya pili yakija, iwe hivyo hivyo. Na ikiwezekana nendeni wawili chamani. Mtu aendaye na mkewe hupita vilabuni kwa haraka.

Juu ya miti yenyewe nitasema kidogo tu. Mti mrefu uliozeeka humtaka mtu apande au avute matawi, na kazi ya saa moja yawa ya saa mbili. Kata, chipuza upya, usizidishe mashina. Tena utafiti wa kahawa umefanywa pale Lyamungo tangu mwaka 1934, na taasisi ya TaCRI iliyoanza mwaka 2001 imetoa aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mwenye aina hizo hutumia fedha chache kwa dawa, na siku ambazo angebeba bomba mgongoni anazipata kwa kazi nyingine. Ukipanda miche mipya, panda sehemu baada ya sehemu, using'oe kihamba chote ukabaki bila mavuno.

Desemba, watoto wetu wa mijini wanaporudi kwa Krismasi, wapeni vikapu wamalizie matunda yote yaliyobaki mtini na yaliyoanguka chini, hata yaliyokauka, maana humo ndimo mdudu atoboaye buni hujificha akingoja msimu ujao. Watalalamika kwamba wamekuja kupumzika. Wapeni mtori kwanza.

Mimi nitapita vihambani kuanzia Julai. Nikifika kwako nitaomba kuona daftari, kisha kichanja, kisha ndipo tutakwenda kuitazama miti. Nitapenda baba na mama wawepo wote wawili, kwa hiyo niambieni mapema ni siku gani mama hayuko sokoni.