Sista Yuko Kwenye Simu: Anafanya Nini?

Mazungumzo kwa wakazi kuhusu simu na vishikwambi katika kazi na masomo ya wauguzi



Kuna malalamishi yanayosikika mara kwa mara kwenye foleni za zahanati. Mama amefika alfajiri, amebeba mtoto mwenye homa. Akiinua macho anamwona muuguzi ameinamia simu. Anamgeukia jirani yake kwenye benchi na kusema, "Watoto wanaumwa, sista anachati."

Huenda ni kweli. Huenda pia muuguzi huyo anatafuta kipimo cha dawa ya mtoto huyo huyo. Ukiwa umekaa kwenye benchi, mambo hayo mawili yanafanana. Kwa hiyo inafaa mwananchi ajue simu inafanya kazi gani mkononi mwa muuguzi, na ana haki ya kudai nini.

Hesabu ya saa tisa usiku

Chukua mfano wa mtoto wa miezi 8 mwenye kilo 8. Ameharisha hadi mwili umekauka na hawezi kunywa. Mwongozo wa matibabu ya watoto unaelekeza atiwe maji kupitia mshipa, mililita 100 kwa kila kilo. Mililita 30 kwa kila kilo zinaingia katika saa ya kwanza, na 70 zilizobaki katika saa tano zinazofuata. Kwa mtoto huyu ni mililita 240, kisha 560.

Mtoto akiwa ametimiza mwaka mmoja, kiasi kwa kila kilo ni kile kile, lakini muda unapungua: nusu saa, kisha saa mbili na nusu. Mwenye utapiamlo mkali ana mwongozo wake tofauti kabisa, kwa kuwa maji mengi ya haraka yanaweza kumuua.

Sasa fikiria muuguzi mmoja katika zamu ya usiku, mama mwingine akiwa katika uchungu wa kuzaa chumba cha pili. Kutegemea kumbukumbu peke yake wakati kama huo ni hatari. Kuangalia mwongozo si dalili ya kutojua kazi. Zamani mwongozo huo ulikuwa kitabu kilichofungiwa kabatini. Siku hizi unaweza kukaa mfukoni.

Arafa zilizosaidia watoto

Hapa Kenya jambo hili limewahi kupimwa. Kati ya mwaka wa 2009 na 2010, watafiti walifanya kazi na vituo vya afya 107 vya mashambani, katika eneo la Pwani na magharibi mwa nchi. Wahudumu wa baadhi ya vituo hivyo walitumiwa arafa kwenye simu zao wenyewe kwa miezi 6. Arafa hizo ziliwakumbusha hatua za kumtibu mtoto mwenye malaria. Wahudumu wa vituo vingine hawakutumiwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2011 katika jarida la Lancet. Walikopata arafa, utoaji sahihi wa dawa ya malaria kwa watoto uliongezeka kwa pointi 23.7 za asilimia. Yaani, katika kila watoto 100, takriban 24 zaidi walihudumiwa ipasavyo. Miezi 6 baada ya arafa kukoma, tofauti ilikuwa bado ipo, pointi 24.5. Na hizo zilikuwa arafa za kawaida, zinazosomeka hata kwenye simu ya vibonyezo.

Kusoma bila kuacha wodi

Upande wa masomo nao una historia. Mwaka wa 2005, shirika la AMREF, Baraza la Wauguzi la Kenya na washirika wao walianzisha masomo kwa njia ya kompyuta. Lengo lilikuwa kuwawezesha wauguzi wenye cheti kufikia stashahada huku wakiendelea na kazi. Kumwondoa kila muuguzi kazini aende chuo kungeacha zahanati nyingi bila mtu.

Leo somo hilo limehamia kwenye simu. Mwanafunzi anaweza kutazama video ya jinsi ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, akairudia mara kumi kabla ya kuingia wodini. Lakini video haifundishi mikono. Lazima afanye mazoezi kwenye mwanasesere wa mafunzo, kisha kazini chini ya macho ya mwalimu.

Kijijini pia, mhamasishaji wa afya ya jamii anayebisha hodi akiwa na simu ana kazi nayo. Tangu Septemba 2023, serikali ilipozindua vifaa vya kazi kwa wahamasishaji 100,000 kote nchini, simu hiyo ndiyo daftari lake la kuandikia hali ya afya ya kila boma.

Simu ina hatari zake

Kwanza, uchafu. Simu inashikwa wodini, chooni na mezani. Isipopanguswa kwa dawa ya kuua viini, na mikono isipooshwa, inabeba maradhi kutoka kitanda hadi kitanda.

Pili, habari za mtandaoni si zote za kuaminika. Muuguzi anapaswa kutumia mwongozo ulioidhinishwa na Wizara ya Afya, si jibu la kwanza linalojitokeza.

Tatu, siri. Picha ya kidonda iliyotumwa kwa daktari ili kupata ushauri inaweza kuokoa mguu. Picha hiyo hiyo ikiingia kwenye kundi la WhatsApp inamvunjia mgonjwa heshima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti.

Nne, betri huisha na mtandao hupotea. Kituo chenye busara huweka nakala ya karatasi ukutani.

Mwananchi afanye nini?

Uliza kwa heshima: "Sista, unaangalia dawa ya mtoto?" Muuguzi anayefanya kazi yake hatakasirika, na vizuri zaidi ni yeye kutangulia kusema, "Mama, naangalia kipimo cha mtoto." Mtoto apimwe uzito kabla ya dawa kuhesabiwa, asipopimwa, kumbusha. Usikubali kupigwa picha kabla ya kuelezwa ni ya nini na itaonwa na nani. Una haki ya kukataa.

Na ikiwa kweli sista anachati huku foleni imesimama, mweleze msimamizi wa kituo au mwanakamati wa afya wa eneo lako. Simu imeletwa wodini kwa ajili ya mgonjwa, na mgonjwa ana haki ya kuuliza inavyotumika.