Hesabu ya UKIMWI Si Tusi la Kabila
(Hotuba ya Katibu Mwenezi wa vijana kwa wanachama wa tawi, Songea)

 

Leo sikuja kwa habari za kadi wala michango. Nimekuja kwa sababu ya maneno yasemwayo vilabuni na kwenye stendi ya mabasi hapa mjini, kwamba UKIMWI ni ugonjwa wa Njombe, na kwamba Mngoni akijitenga na Mbena basi amesalimika. Maneno haya ni ya hatari, nayo yametokana na hesabu ya kweli iliyosomwa vibaya.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika upimaji wa nchi nzima wa 2011-12, kwa watu wa miaka 15 hadi 49, Njombe ilionekana na asilimia 14.8 ya watu wenye virusi. Manyara ilikuwa na 1.5, Tanzania yote 5.1. Na sisi Ruvuma? Asilimia 7.0. Yaani anayemcheka jirani alikuwa mwenyewe juu ya kiwango cha nchi!

Tukumbuke Kagera. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa huko mwaka 1983. Mwaka 1987 watu wazima wa mji wa Bukoba walipopimwa, karibu robo yao walikuwa na virusi, na Mhaya akanyooshewa kidole kila alikokwenda. Mwaka 1996, katika mji ule ule, kiwango kilikuwa kama asilimia 13. Wahaya hawakubadili damu. Walibadili mwenendo, na pia, tusifiche, wengi waliohesabiwa mara ya kwanza walikuwa wamekwisha zikwa.

Basi kwa nini mikoa hutofautiana? Wazee mnajua habari za manamba, vijana wa Songea waliochukuliwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga wakati wa Mwingereza, mume huko miezi na miezi, mke huku peke yake. Virusi vimestawi katika maisha ya namna hiyo hiyo. Tazameni Makambako, mahali barabara yetu inapokutana na ile ya Dar es Salaam na Zambia: malori, nyumba za wageni, vibarua wa chai na mbao walio mbali na kwao. Tena liko jambo la tohara, ambayo katika Nyanda za Juu Kusini haikuwa desturi ya wengi. Uchunguzi wa Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, uliotangazwa kati ya 2005 na 2007, ulionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa asilimia 60 hivi. Hupunguza, nasema. Haiondoi.

Ndugu mmoja aliniuliza: mbona baada ya dawa zote hizi Njombe bado iliongoza katika upimaji wa 2022-23, kwa asilimia 12.7? Nilimjibu kwamba hesabu hii ni ya walio hai. Dawa za bure zilipoanza mwaka 2004, mtu ambaye angekufa akaendelea kulima na kulea wanawe, na kila upimaji humkuta. Kiwango kikubwa chaweza kuwa na maana kwamba watu hawafi. Na anayemeza dawa zake sawasawa hata virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana.

Wa kuogopwa ni yule asiyejua hali yake, na hapa nasema na wanaume. Mke akipimwa kliniki ya wajawazito, mume hujitangazia kwamba naye amepona. Cheti cha mke si chako, bwana! Unaona haya kukutana na watu zahanati? Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, mwenye miaka 18 na zaidi aruhusiwa kujipima mwenyewe, na majibu yakionyesha virusi huenda kituoni yakahakikishwe.

Nimemaliza. Mwenye swali na asimame, akina mama watangulie.