Taji la Wanawake Katika Mbio za Pikipiki
Mashindano ya dunia ya pikipiki kwa wanawake, yaliyoasisiwa mwaka 2024 na ambayo taji lake la kwanza alilitwaa Ana Carrasco wa Uhispania, yastahili kutafakariwa sana, kwa sababu washiriki wote hupanda Yamaha R7 za namna moja, hata asipatikane wa kusingizia mashine. Afrika Kusini ilipeleka wanawake wake. Sisi wa Bukavu, Kongo, ambao pikipiki ndiyo usafiri wetu wa kila siku, bado. Lakini amtazamaye mwanamke motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, akiteremka mtaa wetu wa Kadutu baada ya mvua, abiria na gunia nyuma yake, akibana breki kidogo kidogo penye tope, atakiri kwamba ustadi tunao. Tulichokosa ni uwanja, mfadhili, na, kwa masikitiko yangu makubwa, idhini ya wazazi wengi.