Jukwaa la Muda la Mitambo Mizito

Hotuba ya Fundi wa Chama Kikuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Vyama vya ushirika vinapokua hununua mizani kubwa na mitambo ya maabara ya kupimia mazao. Mara nyingi mtambo huwasili kabla ya sakafu yake kukauka. Ndipo jukwaa la muda huhitajika. Neno "muda" lisitudanganye. Uzito haujui kuwa jukwaa ni la siku tatu, na anayesimama kando yake ni mtoto wa mtu.

Tazameni pwani ya Kenya, karibu na Malindi. Huko Waitalia walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, miguu yake ikakita katika mchanga wa chini. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi iliruka kutoka hapo ikibeba setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya kuchunguza eksirei zitokazo katika nyota. Ikiwa mchanga na mawimbi vilitiishwa kwa hesabu, sembuse sakafu ya ghala?

Hesabu yetu ni hii. Tuseme mtambo una kilo 600. Wahenga walinena kuwa figa moja haliinjiki chungu. Mafiga matatu hutulia hata ardhi isipokuwa sawa. Juu ya miguu mitatu, kila mguu hubeba kilo 200, iwapo kitovu cha uzito ki katikati barabara. Kikisogea, mguu mmoja huelemewa; kikitoka nje ya pembetatu ya nyayo, mtambo huanguka. Kwa hiyo miguu itanuliwe, na mtambo ukae chini kadiri iwezekanavyo.

Pili, pigilieni mbao za mshazari kati ya miguu, kwani fremu ya pembe nne hulala ubavu ikisukumwa, bali ya pembetatu hushikamana. Tatu, wekeni kibao chini ya kila mguu. Kibao cha sentimita 20 kwa 20 hutandaza kilo 200 hata kila sentimita ya mraba ikapata nusu kilo tu.

Mwisho, lijaribuni jukwaa kwanza. Lipakieni magunia 15 ya kahawa ya kilo 60, yaani kilo 900, likeshe nayo, wala mtu asipite chini yake. Gunia likianguka huokotwa. Mtambo ukianguka, limepotea jasho la misimu mingi, na pengine roho ya mwenzetu.