Keki Kubwa za Shughuli: Maneno ya Afisa Maendeleo ya Jamii kwa Waokaji wa Kata



Oveni zetu ni ndogo. Keki ya watu mia haiingii. Basi okeni vipande vinne vya kipimo kimoja, vipoe kabisa, kisha mviunganishe kwa krimu ya siagi juu ya ubao imara. Boksi hupinda, na keki ikipasuka mbele ya bibi harusi, mteja huyo hamtamwona tena. Pakeni kwanza tabaka jembamba la kushika makombo, mliache ligande, ndipo la pili. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi joto 32 hadi 35, nasi watu wa pwani twalijua joto hilo, pambeni alfajiri.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, huombwa kwa kikundi. Fikeni ofisi ya kata.