Ndoto ya Kazi na Ndoto ya Cheo: Nafasi ya Malengo Binafsi Katika Maisha ya Kijana

Mada kwa semina ya vijana waliomaliza kidato cha nne na wazazi wao



1. Utangulizi

Mtoto wa darasa la tatu akiulizwa anataka kuwa nani atakapokua, jibu lake tunalijua kabla hajafungua kinywa: daktari, rubani, mwanasheria. Tunampigia makofi, naye anakaa. Miaka inapita, matokeo ya kidato cha nne yanatoka, amepata daraja la nne, na kijana yule yule anaamini kuwa ndoto yake imekufa.

Mada hii ina hoja moja. Kila mtu anahitaji ndoto, lakini ndoto inayomfaa ni ya kazi anayotaka kuifanya, si ya cheo anachotaka kuitwa. Cheo kina mlango mmoja. Kazi ina milango mingi.

2. Ndoto humsaidia nini mtu?

Kwanza, humpa kipimo cha kuchagua. Asiye na lengo huendeshwa na matakwa ya wengine: akiitwa kijiweni huenda, akiitwa kwenye biashara asiyoijua huenda pia. Mwenye lengo anajua la kukubali na, muhimu zaidi, la kukataa.

Pili, humpa ustahimilivu. Kazi ngumu isiyo na mwelekeo huchosha upesi. Kazi ile ile ikiwa hatua ya kufikia jambo fulani hubebeka.

Tatu, huwarahisishia wengine kumsaidia. Mjomba mwenye uwezo hawezi kumshika mkono kijana asiyejua anakokwenda.

Lakini tujihadhari na ndoto za Alinacha, za kuhesabu faida ya mali ambayo haijauzwa. Ndoto ya kweli hutambulikana kwa swali moja: leo umefanya nini kwa ajili yake?

3. Mifano kutoka kwetu Afrika Mashariki

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika familia ya watumwa. Alitembeza vyungu akiviuza, huku akivinadi kwa sauti yake. Hakuwa na shule wala ukoo wa kujivunia. Alipohamia mjini alijifunza kuimba kwa wajuzi wa muziki, akaingia katika kundi la taarabu, na mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Wakati ule hapakuwa na cheo cha kumngojea mwanamke maskini katika fani hiyo. Palikuwa na kazi tu, naye aliifanya hadi jina lake likavuka bahari.

Mzee Kimani Maruge wa Kenya alijiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, katika shule ya msingi Kapkenduiywo, Eldoret. Serikali ilikuwa imefuta ada ya shule za msingi mwaka uliotangulia. Hakutafuta cheti cha ajira. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe na kujua hesabu ya fedha zake. Kwa lengo dogo na wazi kama hilo, alivaa sare na kukaa na watoto wenye umri wa vitukuu vyake. Mwaka 2005 alialikwa New York kuzungumzia elimu ya msingi bila malipo. Alifariki mwaka 2009.

Wangari Maathai wa Kenya, kwa upande wake, alikuwa na cheo tayari: alipata shahada ya uzamivu mwaka 1971 na kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakutosheka nacho. Aliwaona wanawake wa vijijini wakikosa kuni na maji safi, na tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake wakapanda miti saba Nairobi. Kazi hiyo ilizaa mamilioni ya miti, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel.

4. Mapendekezo

*Kwa vijana:* Badilisheni swali. Usiseme tu, "Nataka kuwa daktari". Jiulize ni nini kinachokuvutia humo. Kama ni kuwahudumia wagonjwa, wako wauguzi, maafisa tabibu, wafamasia na wataalamu wa maabara. Kama ni mashine, vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinafundisha kazi hiyo. Andika lengo lako, kisha andika jambo moja la kufanya wiki hii. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

*Kwa wazazi:* Msiwarithishe watoto ndoto zilizowashinda ninyi. Mtoto anayependa kushona si mtoto aliyepotea.

*Kwa walimu:* Mwanafunzi akitaja cheo, mwulizeni kazi yenyewe ikoje, na mpelekeni akaione ikifanywa.

5. Hitimisho

Matokeo ya mtihani hupima somo ulilofanyia mtihani. Hayapimi unachoweza kujifunza baadaye. Kijana uliyefika hapa ukiwa umekata tamaa, usiondoke kabla hujataja kazi moja unayotaka kuifanya na mtu mmoja utakayemwendea ili akufundishe. Kesho asubuhi mwendee.